Pampu ya Mafuta katika Gari la Tabo Lililoongezwa Nguvu: Vipimo, Istilahi na Usalama katika Mazingira ya Muhima, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi pampu ya mafuta inavyofanya kazi katika gari la petroli lenye tabo ambalo nguvu zake zimeongezwa, na kwa nini kuibadilisha bila kupima huishia mara nyingi katika kuharibika kwa injini. Hoja kuu ni kwamba pampu haichaguliwi kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, bali kwa kiasi cha petroli inachoweza kukitoa chini ya shinikizo na umeme halisi wa gari linalohusika. Na kwamba mwinuko wa Kigali unaifanya kazi hiyo kuwa nzito kuliko ilivyo pwani. Makala yanaonyesha pia kwamba majina tunayoyatumia, hasa neno *mafuta*, hubeba maana tofauti kwa mzungumzaji wa Kiswahili na kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda, na kwamba tofauti hiyo ina gharama. Mapendekezo yanaelekezwa kwa wakaguzi wa magari, vyuo vya ufundi na wanaistilahi.

1.0 Utangulizi

Muhima ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge iliyokaa mtelemkoni, kati ya kitovu cha Jiji la Kigali na bonde la Nyabugogo penye stendi kubwa ya mabasi. Anayepanda kutoka stendi kwenda mjini hupita katikati ya watu wa magari: madereva, wauza spea, mafundi wa umeme, wachomeleaji, na akivuka bonde kwa upande wa pili hukuta gereji za Gatsata. Lugha za eneo hili hazikai kila moja katika chumba chake. Kinyarwanda ndicho cha kila saa. Kifaransa kimesalia katika majina ya vipuri. Kiingereza kimo katika maboksi na vitabu vya mafunzo. Na Kiswahili, kilichoingia na misafara na utawala wa Wajerumani, kimeendelea kuwa lugha ya soko na ya usukani, hasa panapokuwa na madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam na Mombasa. Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, gereji zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kongamano la Kiswahili lijishughulishe na pampu. Tumezoea kuzungumzia Kiswahili cha sayansi kwa ujumla, tukihesabu istilahi zilizosanifiwa na zilizobaki. Mwandishi anaona kwamba kipimo cha kweli ni kimoja: je, lugha hii inaweza kumwongoza mtu afanye kazi ya hatari bila kukosea? Pampu ya mafuta inafaa kwa jaribio hilo. Ni kifaa kidogo, kinashikika mkononi, na kosa lake humaliza injini au huwasha moto.

Mapenzi ya magari ya tabo katika ukanda wetu yana historia inayojulikana. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1996 akiendesha Mitsubishi Lancer Evolution. Colin McRae akashinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine mwaka 2000. Nchini Rwanda kwenyewe, mashindano ya Rwanda Mountain Gorilla Rally yamekuwamo katika kalenda ya ubingwa wa Afrika, na magari ya aina hizo mbili yamekuwa mboni ya macho ya watazamaji. Kutoka kwenye vumbi la mashindano, majina hayo yalishuka mitaani. Kijana anayenunua Impreza iliyotumika hununua na kumbukumbu hiyo, na haichukui muda kabla hajataka nguvu zaidi ya zile alizopewa na kiwanda. Magari ya dizeli yana mfumo tofauti kabisa wa pampu na hayahusiki hapa. Wala hayahusiki magari mapya ya petroli ambayo injekta zake hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa kuwa hayo yana pampu ya pili inayoendeshwa na injini yenyewe.

2.0 Kazi ya pampu

Injini huchoma hewa na petroli kwa uwiano. Kwa petroli ya kawaida, gramu 14.7 za hewa huchoma gramu 1 ya petroli bila kubakiza kitu. Lakini injini ya tabo iliyo chini ya mzigo mkubwa haiendeshwi kwa uwiano huo. Hupewa petroli ya ziada, hadi gramu 11 au 12 tu za hewa kwa gramu 1, kwa sababu ziada hiyo hupoza chumba cha mwako na kuuzuia mchanganyiko usijilipue wenyewe nje ya mpangilio wa cheche ya plagi. Mlipuko huo usiotakiwa husikika kama kokoto zinazogongana ndani ya bati. Ukisikika mara moja ni onyo. Ukiendelea, pistoni huliwa.

Tabo yenyewe ni mapanga mawili kwenye mhimili mmoja: moshi unaotoka katika injini huyazungusha ya kwanza, na ya pili huisukuma hewa safi iingie kwa wingi kuliko injini ingevuta peke yake. Anayetaka nguvu huongeza shinikizo la hewa hiyo, ama kwa kuchezea vali inayoidhibiti tabo, ama kwa kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, ama kwa kufunga tabo kubwa zaidi. Kila hewa inayoongezeka inadai petroli yake.

Petroli hiyo hutoka kwa pampu ya umeme iliyozama ndani ya tanki. Huisukuma kupitia filta hadi kwenye reli ya injekta, ambazo mafundi wengi huziita *nozo*. Katika magari tunayoyajadili, mwisho wa reli pana kidhibiti shinikizo ambacho huirudisha tankini petroli iliyozidi. Kidhibiti hicho kimeunganishwa kwa mpira mwembamba na njia ya hewa ya injini, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba tofauti kati ya shinikizo la petroli nyuma ya injekta na shinikizo la hewa mbele yake haibadiliki. Katika magari mengi tofauti hiyo ni kilopaskali 300 hivi, kiasi ambacho geji za gereji hukiandika kuwa bar 3. Tabo ikisukuma hewa kwa kilopaskali 100, petroli lazima ipande hadi 400. Ikisukuma kwa 150, petroli ipande hadi 450.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wauzaji wa spea hulitaja mara chache. Injini inapodai petroli nyingi zaidi ndipo pampu inaposukuma dhidi ya shinikizo kubwa zaidi, na pampu yoyote ya umeme hutoa kidogo zaidi kadiri shinikizo linavyopanda. Mahitaji yanapanda, uwezo unashuka. Mistari hiyo miwili ikikutana, reli hukosa petroli. Injini haizimiki. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na kwa sekunde chache gari laweza hata kuvuta vizuri zaidi, kwa sababu mchanganyiko uliopungua petroli kidogo hutoa nguvu kuliko uliojaa kupita kiasi. Dereva hufurahi. Kisha ukuta mwembamba unaoshikilia ringi za pistoni hupasuka, maradhi ambayo wenye injini za Subaru za lita 2.5 wanayafahamu vizuri, au kichwa cha pistoni huyeyuka ukingoni. Fundi anayefungua injini baadaye huikuta pampu ikizunguka bila kasoro yoyote, na mara nyingi huilaumu petroli.

3.0 Mwinuko wa Kigali

Vipimo vingi vinavyosambaa mikononi mwa mafundi wetu vimeandikwa kwa ajili ya miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Kigali iko juu kwa takriban mita 1,500. Shinikizo la hewa huko chini, tuseme Dar es Salaam, ni kilopaskali 101 hivi. Kigali ni 85 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya asilimia 15 ya hewa yake kwa kupandishwa huku, na hiyo ni sababu mojawapo ya tabo kupendwa nyanda za juu: inaweza kuifidia hasara hiyo.

Fidia hiyo si ya bure. Geji ya tabo ambayo fundi huifunga kwenye dashibodi haipimi shinikizo lote. Hupima lile tu lililozidi hewa ya nje. Ikisoma kilopaskali 100 Dar es Salaam, ndani ya injini kuna jumla ya 201. Ikisoma 100 hiyo hiyo Muhima, kuna 185 tu. Mwenye gari anayelinganisha na rafiki yake wa Dar hushangaa kwa nini lake ni zito ilhali geji zinasema sawa. Fundi humpandishia hadi 116, na jumla inarudi kuwa 201. Nguvu zimelingana, lakini kazi haikulingana. Tabo ya pwani iliikandamiza hewa mara 2 kasoro kidogo. Ya Kigali inaikandamiza karibu mara 2.4, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na kuitoa hewa ikiwa ya moto zaidi. Hewa ya moto hujilipua mapema. Na pampu, ambayo imezama katika tanki lenye hewa ya Kigali, sasa inatakiwa kufikisha 416 badala ya 400 ili kutoa petroli ile ile. Tofauti ya 16 ni ndogo kwa pampu nzima. Kwa pampu ya miaka kumi na mitano, iliyokwisha kuzoea kufanya kazi ukingoni, yatosha kuivusha mpaka.

Kuna na jambo la pili. Petroli huchemka kwa urahisi zaidi mahali penye shinikizo dogo la hewa, na petroli inayozungushwa mara kwa mara kati ya tanki na injini hupata joto. Pampu inayovuta petroli ya moto iliyobaki kidogo tankini huanza kuvuta mapovu pamoja nayo. Povu halipozi wala halisukumiki. Ndiyo maana gari lililofanya vizuri asubuhi likiwa na tanki lililojaa laweza kukohoa alasiri, likipanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini na taa ya akiba ikiwa imewaka.

Mlima nao una hila yake. Tanki la magari mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, Subaru zikiwamo, lina mabonde mawili, na petroli ya bonde lisilo na pampu huvutwa kwenda kwenye lile lenye pampu kwa nguvu ya petroli inayorudi kutoka injini. Fundi anayebadilisha njia ya kurudishia bila kulijua hili huacha nusu ya tanki haina kazi. Geji ya dashibodi itasema pana petroli. Pampu itasema hapana.

4.0 Kupima kabla ya kubadili

Tuchukue gari la mfano, lililotoka kiwandani na nguvu farasi 280, ambalo mwenyewe anataka lifike 400. Injini ya petroli yenye tabo, ikiwa na mchanganyiko mzito tulioueleza, hutumia kwa makadirio gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi. Kwa 280 ni kilo 76 kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo ni lita 102 kwa saa. Kwa 400 ni kilo 108, sawa na lita 146. Pampu haipaswi kuendeshwa hadi tone lake la mwisho, hivyo tuongeze moja ya tano: lita 175 kwa saa. Tukisema tabo itasukuma kilopaskali 140, shinikizo la petroli litakuwa 440. Swali la kumpelekea muuza spea sasa ni hili: ni pampu gani inayotoa lita 175 kwa saa ikiwa kwenye kilopaskali 440 na kwa umeme wa volti zilizopo kwenye plagi ya pampu ya gari hili?

Namba ya kwenye boksi haijibu swali hilo. Pampu ya Walbro inayoitwa ya lita 255, ambayo imekuwa chaguo la kawaida duniani kwa kazi hii na kwa sababu hiyo hiyo imeigwa kuliko karibu pampu nyingine yoyote, hutoa kiasi kinachotajwa katika jina lake kwa shinikizo la chini kuliko letu na kwa umeme wa kutosha. Shinikizo likipanda, kiasi hushuka. Kampuni halisi huchapisha jedwali la mashuko hayo. Anayeuza ya bandia hana jedwali, na hilo ni alama nzuri ya kuitambua kuliko rangi ya boksi.

Umeme ndio unaosahauliwa zaidi. Nyaya za kiwandani ni nyembamba, zimepimwa kwa pampu ya kiwandani, na zina viungo vilivyoota kutu. Betri na alteneta hutoa volti 13.5 au zaidi injini ikiwa inafanya kazi, lakini kwenye plagi ya pampu zinaweza kufika 12 au chini ya hapo. Kwa upungufu huo pampu hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya petroli yake. Pampu kubwa huvuta umeme mwingi zaidi, na hivyo kuuongeza upungufu ule ule. Aidha, Subaru nyingi za miaka ya 2000 zina kisanduku kinachopunguza umeme wa pampu injini ikiwa haina mzigo; fundi asiyekijua hupima pampu wakati kisanduku kimeipunguza na kuitangaza kuwa mbovu. Mwandishi anashawishika kwamba sehemu kubwa ya pampu zinazotupwa katika gereji zetu hazikuwa na kosa ila nyaya zake.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya gharama. Mpira wa kurudishia petroli hufunguliwa karibu na injini na kuelekezwa kwenye chombo chenye alama za lita. Geji ya shinikizo hufungwa kwenye reli. Kidhibiti hupandishwa hadi shinikizo linalokusudiwa, ama kwa kukipa hewa kwa pampu ya mkono kupitia mpira wake mwembamba. Pampu huwashwa kwa sekunde 30, injini ikiwa imezimwa na betri ikisaidiwa na chaja ili volti zisishuke. Lita 1 ndani ya sekunde 30 ni lita 120 kwa saa. Gari letu la mfano linahitaji lita 1.46. Likipata 1.1, fundi apime volti kwenye plagi, abadili filta, apime tena, na kisha tu ndipo afikirie pampu. Kazi hii hufanywa nje, mbali na wachomeleaji na jiko la mkaa la mama wa chai, kizima moto cha unga kikiwa karibu na mtu wa pili akiwa amekishika. Chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo si chombo cha kupimia petroli.

Pampu ikithibitika kuwa ndogo, kubwa kupindukia nayo si dawa. Petroli isiyotumika lazima irudi tankini. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba, kidhibiti hushindwa kuipitisha, na shinikizo hupanda hata gari likiwa limesimama. Injini hunywa petroli nyingi, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli inayozungushwa bure huchemka haraka. Wala pampu peke yake haileti nguvu farasi hata moja. Injekta zikiwa ndogo, au programu ya kompyuta ikiwa haikubadilishwa, pampu mpya itairudisha tankini ziada yote. Inanunuliwa ili kuilinda injini ambayo hewa yake tayari imeongezwa, kama mtu anavyonunua breki.

Mazingira ya Rwanda yana ugumu mmoja zaidi katika kununua. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto mwa barabara na hupokea magari ya usukani wa kulia kutoka Japani. Rwanda huendesha kulia, na tangu katikati ya miaka ya 2000 imezuia kuingizwa kwa magari madogo ya usukani wa kulia. Impreza ya Kigali kwa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya soko jingine, Ulaya, Ghuba au Marekani, wakati spea zinazopatikana Kampala na Nairobi hufuata magari ya Japani. Jina ni moja, matumbo ni tofauti: Impreza STI iliyouzwa Marekani tangu 2004 ina injini ya lita 2.5, wakati ya Japani ya miaka hiyo ina lita 2.0. Anayeagiza pampu kwa kutaja jina la gari kwa simu huletewa kitu kinachofanana na kinachotakiwa. Namba ya fremu ndiyo inayopaswa kutumwa.

5.0 Neno *mafuta* na majirani zake

Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, dereva anayesema gari limekwisha mafuta haeleweki vibaya. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta. Kilainishi cha injini kina jina lake, *oili*. Kwa hiyo *pampu ya mafuta* kwake ni ile ya tankini, na ile iliyo chini ya injini ni *pampu ya oili*. Kinyarwanda kimegawa uwanja huo kwa namna nyingine. Petroli ni *lisansi*, iliyotokana na Kifaransa. Dizeli ni *mazutu*. Na *amavuta*, neno ambalo ni ndugu wa *mafuta*, ni ya kupikia, ya kujipaka, na ya kulainisha injini. Kijana wa Muhima anayesikia *pampu ya mafuta* kutoka kwa fundi wa Mombasa ana sababu nzuri ya kwenda kuitafuta chini ya injini. Ukivuka mpaka hadi Goma au Bukavu husikia *esansi*, neno lile lile la Kifaransa katika vazi jingine.

Undugu wa lugha, ambao katika semina zetu husifiwa kuwa daraja, hapa ni mtego. Neno la kigeni kabisa humfanya msikilizaji aulize. Neno la ndugu humfanya adhani ameelewa. Kwa sababu hiyo mwandishi anapendekeza, kwa matumizi ya ufundi katika nchi za Jumuiya, *pampu ya petroli* na *pampu ya dizeli* badala ya *pampu ya mafuta*, ingawa kichwa cha makala haya chenyewe kimefuata mazoea. Ni pendekezo linalopoteza kidogo ya utamu wa lugha na kuokoa injini kadhaa.

Jozi ya pili ni ngumu zaidi. Makala yametegemea tofauti kati ya shinikizo na mtiririko: nguvu ambayo petroli inasukumwa nayo, na kiasi kinachopita. Katika gereji za Kiswahili vyote viwili huitwa *presha*: “pampu haina presha” huweza kumaanisha kimoja au kingine. Kinyarwanda nacho hutumia *umuvuduko* kwa mwendo wa gari na vilevile kwa shinikizo la damu, hivyo msikilizaji hapati msaada kutoka upande huo. Vitabu vya fizikia vya Tanzania vina *kanieneo*, istilahi sahihi ambayo mwandishi hajawahi kuisikia chini ya gari. Geji inayoonyesha shinikizo zuri kwenye reli gari likiwa limesimama imemdanganya fundi wengi, kwa sababu mtiririko haukupimwa. Na haukupimwa kwa sababu hauna jina. Hapa pendekezo si kusanifu neno jipya. *Lita za pampu* na *presha ya pampu* ni maneno ambayo kila fundi anayaelewa leo. Kinachokosekana ni kuyatenganisha darasani, na kuyaweka kwenye fomu.

6.0 Ukaguzi na mafunzo

Magari ya Rwanda hukaguliwa na kituo cha polisi, kinachojulikana zaidi kwa makao yake ya Remera. Ukaguzi wa aina hii, huko na kwingineko, umejengwa juu ya gari la kiwandani: breki, taa, usukani, magurudumu, moshi. Moshi wa gari lililosimama hauonyeshi lolote kuhusu mchanganyiko wa gari lile lile likiwa na mzigo mlimani. Gari la tabo lenye pampu iliyochoka laweza kupita vizuri sana. Kuongeza kipimo cha mzigo kwa magari yote kungekuwa gharama isiyo na sababu, maana magari yaliyoongezwa nguvu ni machache. Inatosha kwamba mwenye gari lililobadilishwa atakiwe kuja na karatasi moja kutoka gereji, yenye lita kwa sekunde 30, presha, volti kwenye plagi ya pampu, na jina la fundi aliyepima. Karatasi hiyo, iwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ingeifanya kazi ya istilahi kwa haraka kuliko kamusi.

Vyuo vya ufundi navyo vinafundisha kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia nchini tangu uamuzi wa mwaka 2008, na mhitimu huingia katika gereji ambayo mzee wake wa kazi hajui neno hata moja la kitabu. Mzee huyo anajua kuisikia pampu iliyochoka kwa mlio. Mhitimu anajua kuzidisha. Maarifa yao hayakutani, kwa kukosa majina ya pamoja ya vitu visivyozidi ishirini. Kazi hiyo ni ndogo mno kuitwa mradi, na labda ndiyo sababu haijafanywa.

Jambo la mwisho lisisubiri kazi ya istilahi. Kwa kuwa nyaya za kiwandani hazitoshi, mafundi huvuta waya mnene kutoka betri hadi kwenye pampu, na wanafanya vyema, mradi waya huo uwe na fyuzi karibu na betri. Lakini wengine, ili kurahisisha, huiwasha pampu kwa swichi ya dashibodi au moja kwa moja kutoka kwenye funguo, bila kupitia rilei inayoamriwa na kompyuta ya injini. Kompyuta huizima pampu mara injini inaposimama. Swichi haiizimi. Gari hilo likipata ajali na mpira wa petroli ukakatika, pampu iliyoongezwa nguvu itaendelea kumwaga zaidi ya lita 2 kila dakika juu ya injini ya moto, abiria wakiwa wangali wamefungwa mikanda. Kasoro hii hutambulika bila kifaa chochote: funguo izungushwe bila kuwasha injini, na sikio liwekwe karibu na kiti cha nyuma. Pampu iliyounganishwa ipasavyo katika magari mengi ya aina hii hulia kwa sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Ikiendelea kulia, gari lirudishwe gereji kabla halijatoka nje ya geti la ukaguzi.